Mkufunzi wa Urubani Naye Anahitaji wa Kumsikiliza

Mwanafunzi anapoileta ndege kutua, mkufunzi aliyeketi kiti cha kulia huwa ameweka vidole sentimita chache kutoka kwenye usukani bila kuugusa. Miguu yake imekaa juu ya kanyagio kwa wepesi ili mwanafunzi asihisi uzito wake, na mkono wa kushoto uko karibu na wenzo wa nguvu za injini. Mwanafunzi akiinua pua ya ndege mapema mno, ndege huelea juu ya lami huku kasi ikiisha, na hapo mkufunzi ana muda usiozidi sekunde mbili wa kuamua. Akiingilia upesi, mwanafunzi hajifunzi kitu. Akichelewa, ndege itaanguka chini kwa kishindo na pengine gurudumu la mbele ndilo litakalobeba uzito wote. Katika somo moja la kutua wanaweza kurudia jambo hilo mara 8, kwa hiyo mkufunzi mwenye wanafunzi 4 kwa siku huamua hivyo zaidi ya mara 30 kabla jua halijazama.

Nimefanya kazi hii kwa miaka 14, sehemu kubwa katika Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, na kwa miaka 6 sasa nimekuwa pia mmoja wa wakufunzi wanaowasikiliza wenzao, baada ya kufunzwa na mwanasaikolojia ambaye bado anatusimamia. Nataka kueleza kwa nini mkufunzi anafaa kusikilizwa na mkufunzi mwenzake, na masharti ambayo yakikosekana usikilizaji huo hugeuka umbea.

Rubani wa shirika la ndege ana mwenzake pembeni, mtu mzima mwenye leseni, ambaye anaweza kumwambia kwamba leo hayuko sawa. Mkufunzi hana mtu wa namna hiyo. Aliye pembeni yake ni mwanafunzi, na mwanafunzi hapaswi kabisa kuuona woga wa mwalimu wake, kwa sababu akiuona ataubeba. Basi mkufunzi hujizoeza kuuficha uso wake kuanzia saa moja asubuhi, na baada ya miaka michache hata nyumbani hajui tena kuufunua. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na adhuhuri yenye joto ndege ndogo yenye watu wawili na mafuta ya kutosha hupanda kwa kujikokota. Mkufunzi anayaona mabati ya nyumba yakipita chini karibu kuliko anavyopenda, naye anaendelea kuongea kwa sauti ile ile ya upole.

Kuna mizigo mingine isiyoonekana ukiwa nje ya uzio. Wakufunzi wengi hulipwa kwa saa walizoruka, hivyo mvua za masika zinapofunika vilima vya Ngong kwa wiki nzima, hakuna saa na hakuna mshahara, ilhali kodi ya nyumba haingoji mawingu yapande. Wengi ni vijana wanaofundisha huku wakisubiri nafasi katika mashirika makubwa, na kila mwenzao anapoitwa, furaha ya kumpongeza huchanganyika na uchungu wasioweza kuutaja. Na kuna suala la ada. Nimewahi kukaa mbele ya baba aliyeuza shamba ili mwanawe awe rubani, nikiwa na faili ambamo nilipaswa kuandika kwamba kijana hayuko tayari kufanya mtihani. Mzee yule hakunilaumu. Aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, ni mimi sijalipa kitu fulani?" Sikulala vizuri kwa siku nyingi baada ya swali hilo, na hakuna fomu yoyote shuleni yenye nafasi ya kuandika jambo kama hilo.

Kisha kuna vifo. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ndege ya abiria ilirudi Wilson salama na watu wote 44 waliokuwamo. Mkufunzi na mwanafunzi waliokuwa katika Cessna walifariki. Sina la kusema kuhusu chanzo cha ajali ile, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wachunguzi. Ninachokijua ni kinachotokea ndani ya mkufunzi aliyebaki, ambaye anapaswa kurudi katika anga lile lile, akimfundisha mtu mwingine kugeuza shingo na kutazama kushoto na kulia kabla ya kukata kona, huku moyo wake ukidunda kila redio inapotaja ndege nyingine iliyo karibu. Mtu wa namna hiyo hana kichaa wala si mwoga. Anahitaji mahali pa kusema kwamba moyo unadunda.

Kwa nini hasemi? Jibu fupi ni cheti cha afya. Rubani wa kibiashara hawezi kuruka bila cheti cha daraja la kwanza, ambacho kwa kawaida hupimiwa upya kila baada ya miezi 12, na kanuni za kimataifa zinamtaka aache kuruka mara anapojua kwamba afya yake imepungua kiasi cha kuhatarisha usalama. Kanuni hiyo ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba mkufunzi huitafsiri hivi: nikimwambia daktari kwamba sipati usingizi, nitapoteza cheti, nikipoteza cheti nitapoteza kazi, kwa hiyo silali na sisemi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa Desemba 2016 uliwauliza marubani wa mashirika ya ndege bila kuwataka majina yao. Kati ya 1,848 waliojibu maswali ya sonona, asilimia 12.6 walifikia kigezo cha ugonjwa huo, na asilimia 4.1 walikuwa wamewahi kufikiria kujiua ndani ya wiki mbili zilizotangulia. Wengi wa watu hao walikuwa bado wakiruka. Walisema ukweli kwa sababu hakuna aliyewauliza majina.

Ulaya ililazimika kulitazama jambo hili baada ya tarehe 24 Machi 2015, wakati rubani msaidizi wa Germanwings alipoiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps nchini Ufaransa na kuua watu wote 150 waliokuwamo, yeye akiwa miongoni mwao. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayoyataka mashirika ya usafiri wa kibiashara yawe na mpango wa kuwasaidia marubani wao, nayo ikaanza kutumika Februari 2021. Huo ni msingi mzuri, lakini ni wa mashirika yanayobeba abiria na mizigo. Shule ya urubani, mahali ambapo rubani huyo huyo anajifunza kuongea au kunyamaza, haikutajwa katika sharti hilo. Naliona hili kuwa pengo kubwa, kwani mwanafunzi anayemwona mwalimu wake akificha kila kitu atajifunza kuficha, na tabia hiyo ataipeleka hadi katika ndege yenye abiria 180.

Usikilizaji ninaouzungumzia huitwa msaada wa wanarika. Neno rika wengi tulilizoea katika kampeni za UKIMWI, pale vijana walipofunzwa kuwa waelimishaji rika kwa sababu kijana humsikia kijana mwenzake. Msaada wa wanarika miongoni mwa marubani una mantiki hiyo hiyo. Msikilizaji hatibu na hatoi jina la ugonjwa. Amefunzwa kusikiliza, kutambua dalili za hatari na kumpeleka mwenzake kwa mtaalamu, na nyuma yake yuko mwanasaikolojia ambaye msikilizaji anaweza kumpigia simu wakati wowote. Faida yake kubwa ni kwamba halazimiki kuelezwa maana ya mwanafunzi kuruka peke yake kwa mara ya kwanza.

Nitatoa mfano, na mwenzangu huyu ameniruhusu kuueleza nikiacha yanayomtambulisha. Alimtuma mwanafunzi kuruka peke yake, akabaki chini akitazama. Katika kutua ndege ilidunda mara tatu, ikakaribia kutoka nje ya njia, kisha ikasimama. Hakuna aliyeumia. Mwanafunzi alishuka akicheka, wenzake wakammwagia maji kama ilivyo desturi. Wiki tatu baadaye tulikuwa kwenye kibanda cha chai nje ya lango, na niliona mwenzangu amekishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, chai imeshika utando juu. Nikamuuliza, "Kapteni, unalala kweli?" Akanijibu kwamba kila usiku ndege ile inadunda mara ya nne.

Sikumwambia kwamba asijali. Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo, alipokuwa amesimama, upepo ulitoka wapi, mikono yake ilifanya nini. Aliponyoosha mikono kunionyesha, niliona vidole vimejikunja kama vinashika usukani ambao haukuwapo. Hapo ndipo alipolia. Tulikutana mara nne. Mara ya pili alikubali mwenyewe kusimama kuruka kwa siku 10, na mara ya tatu akaonana na mwanasaikolojia. Yote tuliyazungumza kwa Kiswahili. Angani tunatumia Kiingereza cha maneno machache yaliyopangwa, nayo ni lugha nzuri ya kuongozea ndege, lakini haina neno kama pole, ambalo unaweza kulitamka kisha ukakaa kimya bila kumwacha mtu peke yake.

Siri ndiyo sharti la kwanza. Siandiki jina popote, simwambii mkuu wa mafunzo, simwambii mwenye shule. Lakini siri hii ina mpaka, na mpaka huo hutajwa kabla mtu hajafungua kinywa: nikiona kwamba uhai wake au wa mwingine uko hatarini, au kwamba ataruka akiwa hafai na amekataa kusimama, nitatafuta msaada, na nitamwambia kwamba naenda kuutafuta. Anayeogopa kutaja mawazo ya kujiua namkumbusha pia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Sharti la pili ni umbali, na hapa Wilson ndipo penye ugumu, kwa kuwa uwanja ni mdogo na kila mtu anajua gari la kila mtu. Msikilizaji asiwe anayempangia mwenzake ratiba, wala anayempima, wala anayegombea naye nafasi moja ya kazi. Tulichokiona kinafaa ni shule kubadilishana: wakufunzi wa shule moja wasikilizwe na wa shule nyingine. Shule mbili tu zinatosha kuanza, pamoja na namba ya simu isiyopita mapokezi.

Sharti la tatu ni fedha, na hili wenye shule hulikwepa. Anayelipwa kwa saa za kuruka akija kuongea nami kwa dakika 50 amepoteza saa moja ya mshahara, na anayesimama siku 10 amepoteza karibu theluthi ya mwezi. Ninapofundisha sasa tulikubaliana kwamba kila mkufunzi ana saa 2 kwa mwezi zinazolipwa kama saa za maelezo ya darasani, azitumie kwa msikilizaji au asizitumie. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Mwezi wa pili zilitumika saa 3, na mwezi wa tano saa 11. Idadi hiyo ya saa ndiyo karatasi pekee ninayoipeleka kwa mhasibu mwisho wa mwezi, nayo haina jina hata moja.