"Limebaki rangi tu"

Wiki hii nimeisikia tena. Kijana kanipigia simu, sauti inatetemeka kwa furaha: amelipata lile Volkswagen Beetle analoliota tangu mtoto, na akiba aliyoiweka kwa miaka minne inatosha. "Fundi, injini ukigusa ufunguo tu inawaka. Limebaki rangi tu." Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: umeinua mkeka? Hakuwa ameinua. Alikuwa ameliwasha, akalisikiliza linavyonguruma, akapiga picha ishirini, zote za nje.

Kazi yangu ni kufufua magari ya zamani, na zaidi upande wa bodi: kukata, kuchomelea, kunyoosha, kupiga rangi. Hiyo sentensi, "limebaki rangi tu", imemaliza akiba za watu wengi kuliko injini zote mbovu nilizowahi kushusha. Nimeieleza kwenye simu mpaka nimechoka, sasa naiandika. Inaniudhi kwa sababu wanaoumia ni watu wenye subira, waliojinyima miaka, na kosa lao ni moja tu: wamekagua kitu kisicho na shida wakaacha chenye shida.

Injini inashuka, jamani. Ya Beetle imeshikana na gia boksi kwa boliti nne. Unaitoa, unaiweka mezani, unabadilisha silinda pamoja na pistoni zake, unarudisha. Kila kipande kina bei, kwa hiyo fundi anaweza kukuandikia hesabu kabla ya kugusa spana, na hesabu hiyo ikakaribia ukweli. Zaidi ya milioni 21 za gari hilo zilitengenezwa, la mwisho likatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, na spea zake za injini zinaendelea kutengenezwa. Hata ikifa kabisa unatafuta nyingine na kuipachika. Kwa hiyo mtu akiniambia injini inawaka, ameniambia jambo dogo sana.

Bodi haina orodha ya bei. Gharama ya bodi ni saa za kazi, na saa hizo hazijulikani ni ngapi mpaka gari limevuliwa likabaki bati tupu. Sijawahi, hata mara moja, kutoa makisio ya bodi kabla ya kulivua gari yakatoka sawasawa. Mafundi wengi hawapendi kulisema hili mbele ya mteja. Mimi nalisema siku ya kwanza, na wengine huondoka kwenda kwa fundi mwenye jibu la haraka.

Sasa hapa naomba utulie, maana ndipo akiba inapopotelea. Unaona kipele cha kutu kwenye rangi, ukubwa wa sarafu, chini ya mlango. Unafikiri kutu imeanzia hapo nje na inaelekea ndani. Mara nyingi ni kinyume chake. Kizingiti cha chini ya mlango si bati moja. Ni mabati mawili au matatu yaliyounganishwa kwa nukta za kulehemu, katikati kuna uwazi. Maji yanaingia, vumbi linaingia, tope linakaa humo halikauki kwa majuma. Chuma, maji na hewa vikikutana kutu haichagui siku. Na kutu ina tabia moja mbaya: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikizaliwa katikati ya mabati mawili yaliyobanana inayasukuma, yanavimba, nukta za kulehemu zinakatika moja moja. Kipele unachokiona nje ni mwisho wa safari yake. Ukikipiga msasa, ukakipaka pati na rangi juu, umeufunika mlango tu, mwenyeji yupo ndani anaendelea kula.

Kwa Beetle jambo hili ni zito zaidi. Bodi yake imefungwa kwa boliti juu ya sakafu, na ile mihimili ya pembeni inayopokea boliti hizo ina uwazi ndani unaopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini huko nyuma kwenda mbele. Mhimili mmoja una kazi mbili: kuleta joto na kubeba bodi. Ukioza, bodi inakaa juu ya sakafu kwa mazoea. Halafu betri yake iko ndani, chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Asidi ikimwagika, matone machache tu kwa miaka kadhaa, sakafu ya pale inakuwa ungo. Ndiyo maana nauliza mkeka kabla ya kuuliza injini.

Namna ninavyokagua haihitaji mashine. Nachukua bisibisi, naishika kwa upande wa chuma, nagonga kwa mpini taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Bati zima linajibu kwa mlio mkali, mfupi. Penye pati sauti inazama, kana kwamba umegonga ubao uliofunikwa nguo. Penye kutu nzito kuna mkwaruzo: vipande vilivyobanduka vinadondoka ndani, unavisikia vikitiririka kama mchanga. Hapo nageuza bisibisi na kusukuma kwa ncha, bila nguvu. Mara nyingi mwenye gari anashtuka na kusema nimelitoboa. Hapana. Tundu lilikuwepo, lilikuwa limevikwa rangi.

Kuna wanaosema basi kata kipande kibovu, chomelea kipya, kwisha. Kwenye gari lenye chesisi yake peke yake unaweza kupumua kidogo. Lakini kwenye gari ambalo bodi yenyewe ndiyo chesisi, kama MGB, gari dogo la michezo la Uingereza lililoanza kutengenezwa mwaka 1962, vile vizingiti ndivyo vinavyolizuia gari lisipinde katikati, hasa lile lisilo na paa la bati. Ukivikata bila kwanza kuweka vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, gari linalegea kwa milimita chache. Milimita chache! Utachomelea vizuri kabisa, utapiga rangi inayong'aa, na mlango hautafungika tena maisha yake yote. Nimepokea magari ya namna hiyo, yaliyochomelewa yakiwa tayari yamepinda. Kuyarekebisha ni kukata kazi ya mwenzako yote na kuanza upya, na mteja analipia mara mbili. Uzito wa jambo hili utauona hapa: kwa MGB, kampuni ya British Motor Heritage ya Uingereza ilianza mwaka 1988 kutengeneza bodi nzima mpya kwa mashine za zamani, kwa sababu kilichokuwa kikiyaua magari hayo ni bodi.

Usiniambie na Land Rover haishiki kutu. Kweli mabati yake ya nje ni ya aluminiamu, kwa sababu lilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza baada ya vita. Lakini chesisi ni ya chuma, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni wa chuma. Tena aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu, aluminiamu yenyewe inaanza kuliwa. Nje gari linaonekana limepumzika tu, na chini chesisi inabonyea kwa kidole.

Na hiyo rangi yenyewe inayosemwa "tu"? Kunyunyiza ni kazi ya siku moja. Kabla yake kuna kubandua rangi zote za zamani, kunyoosha, kupanga milango, boneti na madigadi mpaka nafasi zake zilingane, kuvivua tena, kupaka rangi ya msingi, kupiga msasa, kutazama mwanga unavyoteleza juu ya bati, kuona bonde, kurudia. Rangi mpya haifichi kitu. Inang'aa, na mng'ao unatangaza kila bonde ulilolivumilia.

Turudi kwenye akiba. Watu huniuliza nusu ya kununulia na nusu ya kutengenezea inatosha? Zamani nilikuwa najibu ndiyo. Nimeacha, kwa sababu jibu hilo linamfanya mtu atafute gari bovu zaidi ili nusu yake ya kununulia imtoshe. Siku hizi nasema hivi: ukiwa na fedha ya kununua gari lililooza, hujafika. Endelea kuweka. Nunua lenye bodi nzima na injini iliyokufa, hata kama bei yake inauma, kuliko lenye injini inayoimba na sakafu ya magazeti. Tofauti ya bei kati ya magari hayo mawili ni ndogo kuliko saa za kuchomelea, kila mara niliyowahi kupiga hesabu. Na mfuko wa matengenezo uwe pembeni, umejaa, kabla gari halijaingia kwako. Gari lililovuliwa nusu halafu fedha ikakata linaoza haraka kuliko lilivyokuwa likioza zima, kwa sababu sasa bati liko wazi.

Liwe kamili pia. Hili watu hawalifikirii. Pistoni utaipata, ule utepe wa kromu wa mlango wa kushoto, kioo cha taa ya nyuma, kishikizo cha dirisha, ndivyo vitakavyokusumbua miaka. Gari lililofunguliwa likawekwa kwenye maboksi usiliguse, hata mwenyewe akiapa vyote vimo.

Mengine upesi. Matairi angalia umri, si kashata; tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi ni juma na mwaka lilipotengenezwa. Breki za gari lililolala, badilisha mipira yote bila mjadala. Petroli ya zamani mwaga, osha tangi na kabureta. Na kabla ya yote omba uendeshe gari la aina hiyo hata nusu saa. Wapo walioweka akiba miaka kumi kwa gari ambalo hawajawahi kulikalia, wakagundua usukani wake mzito na breki zake zisizo na msaada haviwafai.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Dawa zile za kugeuza kutu, na nta tunayoipuliza ndani ya mihimili baada ya kumaliza: natumia zote mbili, na nitaendelea. Lakini nimewahi kuyafungua tena magari mawili niliyoyafanya mwenyewe, dawa ileile, mikono ileile. La kwanza lilikuwa kavu, safi, nta bado inanata. La pili kutu ilikuwa imeanza upya kwenye kona ambayo bomba langu halikufika, nami nilikuwa na hakika limefika. Ndani ya mhimili uliofungwa hakuna fundi anayeona. Anayekupa dhamana ya milele kwa sehemu hiyo anakupa neno tu. Vilevile nasita zaidi kila mwaka kulibandua gari ambalo rangi yake ya kiwandani imechoka ila bati ni zima. Ikishabanduliwa hairudi. Mara kadhaa nimemwambia mteja aliache, alioshe, aliendeshe, nami nikakosa kazi.

Jioni ileile kijana kanipigia tena, safari hii akiwa amepiga magoti ndani ya gari, tochi mdomoni, maneno hayasikiki vizuri. Ameinua mkeka. Chini yake amekuta bati jipya linalong'aa, limelazwa juu ya lile la zamani na kufungwa kwa ribiti, pembeni limezibwa kwa gundi nyeusi. Aliposukuma kwa kidole gumba, bati lote lilicheza. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ili mwenye gari asisikie, kama anaweza kuomba apunguziwe bei. Nikamwambia arudishe mkeka ulivyokuwa, amshukuru mwenye gari kwa muda wake, na hela azirudishe zilikotoka. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama Jumamosi naweza kwenda naye kuangalia jingine, ambalo haliwaki.