Kuoza kwa mapezi ya samaki wa tangini: maana yake, na kwa nini Dodoma tunaanza na maji

Kuoza kwa mapezi ni hali ambayo ukingo wa pezi au mkia wa samaki hufa na kumeguka kidogo kidogo, kuanzia nje kuelekea mwilini. Wanaofanya kazi hiyo ni bakteria, hasa wa makundi ya Aeromonas, Pseudomonas na Flavobacterium. Bakteria hawa si wageni. Wamo karibu kila tangi, hata lile ambalo samaki wake wanang'aa. Samaki mzima hufunikwa na ute mwili mzima, na ute huo ndio unaowazuia. Ukichubuka, au kinga ya samaki ikishuka, wanapata pa kuingilia. Ndiyo maana mtu hukaa na samaki wake mwaka mzima bila shida, halafu mikia ikaanza kupukutika wakati hajaingiza samaki mpya wala mmea.

Cha kutafuta, basi, ni kilichomdhoofisha samaki. Wakati mwingine ni mwenzake: gapi na beta wenye mikia mirefu hung'atwa wakiwekwa na samaki wakorofi, na kidonda kikishapatikana bakteria hawasubiri. Wakati mwingine ni baridi. Usiku wa Juni na Julai joto la Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14, na tangi dogo lililo karibu na dirisha bila hita humtesa samaki aliyezoea nyuzi 25. Lakini mara nyingi zaidi ni maji.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachooza chini ya kokoto huongeza nyingine. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wa manufaa, wanaoishi kwenye sponji ya filta na juu ya kokoto, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo si kali sana. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huwachukua wiki nne hadi sita hivi kujijenga. Umeme ukikatika kwa saa nyingi na filta ikasimama, nao hukosa oksijeni na kuanza kufa. Amonia ikipanda, matamvua na ute huungua, na safari ya kuoza inaanza.

Sasa tuje kwetu. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na wengi mitaani wana visima vyao. Maji ya ardhini ya huku mara nyingi ni magumu: sabuni haitoi povu upesi na birika huota ukoko mweupe. Maji ya namna hiyo kwa kawaida huwa na pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, iliyozidi 7, na hapo ndipo amonia inapobadilika tabia. Ndani ya maji hujigawa sehemu mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo kali. Maji yakiwa na nyuzi 25 na pH 7, sehemu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8, hufika karibu asilimia 5 au zaidi kidogo. Uchafu uleule, chakula kilekile, sumu mara tisa. Mtu anayefuata maelekezo ya kulisha yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye maji laini anaweza kuua samaki wake akiwa amefuata kila neno. Wanaofaidika na maji yetu ni wenye samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao asili yao ni maji magumu yenye pH ya juu, ingawa amonia nao haiwasamehe.

Kuna jambo jingine la huku ambalo halisemwi sana. Kiangazi chetu ni kikavu, na maji ya tangi hupungua haraka. Wengi hujazia tu yaliyopungua wakaamini wamebadilisha maji. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi, chokaa na nitrati hubaki. Ukijazia hivyo kuanzia Juni hadi Novemba bila kutoa maji ya zamani, unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Kumtambua mgonjwa, zima taa ya sebuleni na mmulike kwa tochi kutoka ubavuni. Pezi lililochanika kwa kung'atwa huwa na mpasuko safi, na rangi yake hufika hadi ukingoni. Pezi linalooza lina ukingo wa mashimomashimo wenye utepe mwembamba mweupe, na nyuma ya utepe huo mara nyingine huonekana mishipa myekundu. Nyuzi za pezi hubaki zikining'inia baada ya ngozi kati yake kuliwa. Ukiona vitu kama pamba juu ya kidonda, huenda ni kuvu. Ukiona doa jeupe au la kijivu mgongoni na samaki wanakufa ndani ya siku moja au mbili, shuku Flavobacterium columnare, na hapo usipandishe joto la maji, kwa sababu bakteria huyo hustawi kwenye joto.

Matibabu huanza na ndoo. Toa karibu theluthi moja ya maji, ukifyonza uchafu ulio chini ya kokoto, ujaze mengine. Rudia kila siku kwa siku chache. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, au yatie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Yaache ndani ya nyumba, yasitoke moja kwa moja kwenye tangi la juu ya paa asubuhi ya Julai. Sponji ya filta isuuze kwenye maji uliyoyatoa tangini, si chini ya bomba, maana klorini itaua bakteria uliowangoja wiki zote zile. Punguza chakula. Mkorofi mtenge. Kuoza kukiwa ndiyo kwanza kumeanza, hatua hizi peke yake mara nyingi hutosha.

Kukiwa kumeendelea, ongeza chumvi, gramu 1 hadi 2 kwa lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ukitoa kokoto na nafasi ya juu, lina kama lita 45. Kwa tangi hilo, gramu 1 kwa lita ni takriban vijiko vinane vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa. Iyeyushe kwanza kwenye kopo la maji ya tangi, uimimine kidogo kidogo ndani ya siku nzima. Chumvi ya dukani yenye madini joto haina tatizo kwa kiasi hiki. Kama kisima chako tayari kina ladha ya chumvi, baki kwenye gramu 1. Mimea ya majini na samaki jamii ya kambare wadogo hawaipendi, kwa hiyo ni bora mgonjwa atengwe kwenye beseni lenye pampu ya hewa.

Halafu kuna mazoea ya kupasua kidonge cha antibiotiki ya tetrasaiklini na kumwaga unga wake tangini. Kwa maji yetu, hiyo kwa sehemu kubwa ni hela imetupwa. Kalsiamu na magnesiamu, zilezile zinazofanya maji yawe magumu, hushikana na tetrasaiklini na kuinyima nguvu, ndiyo sababu binadamu naye huambiwa asiimeze na maziwa. Amoksilini nayo si jibu, kwani Aeromonas kwa asili huistahimili. Juu ya hayo, antibiotiki ndani ya tangi kubwa inaweza kuua bakteria wa filta na kurudisha amonia uliyokuwa unapambana nayo. Methilini bluu, dawa ya rangi ya buluu, inafaa kwenye beseni la mgonjwa tu. Tangini huharibu mimea na filta, na gundi ya kona za vioo hubaki ya buluu. Samaki akizidi kuharibika licha ya maji safi na chumvi, mwone daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa nyingine.

Dalili ya kupona ni utepe mweupe kutoweka na ukingo kuota ngozi nyembamba inayopitisha mwanga kama nailoni. Wengi hudhani huo ni ugonjwa umerudi, wakaongeza dawa. Rangi hufuata baadaye, na pezi zima huchukua wiki kadhaa. Mara nyingine hurudi na rangi tofauti au na mkunjo. Kuoza kukishafika kwenye shina la pezi, pale linaposhikana na mwili, kwa kawaida pezi halioti tena. Chumvi nayo haiondoki yenyewe: itoe polepole kwa kubadilisha maji, ukijaza yasiyotiwa chumvi, theluthi kwa theluthi, mara pezi linapoanza kurudi.