Kukiri kosa la kusimama

Kwenye faili la mteja wangu lililo mezani kwangu wiki hii, mahali hakimu alipoandika jibu la mshtakiwa pana maneno mawili tu: «Ni kweli.»

Mshtakiwa ni kijana wa Kasese, kuli wa matoke pale Kalerwe, Kampala. Malori ya matoke huingia usiku, na kuli akichelewa hukuta mzigo umeshachukuliwa na wenzake. Alfajiri moja mwaka 2019, kama saa kumi, alikuwa amesimama kando ya barabara akingoja lori, ikafika kabangali, yaani pikapu, ya polisi. Akaulizwa kwa Kiswahili anafanya nini hapo. Hajamaliza kujibu, akaambiwa: «Panda gari.»

Wazee wanayakumbuka maneno hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya utawala wa pili wa Rais Obote, misako ya askari iliitwa hivyohivyo, panda gari, na waliopakiwa hawakurudi wote. Mimi nimelelewa kwa Kiswahili, na inaniuma kwamba Waganda wengi walikutana nacho kwanza kikiwa amri.

Kijana alishtakiwa kuwa mhuni na mzururaji, kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu. (Natumia namba za zamani, ndizo zilizomo kwenye hukumu nitakayoitaja, toleo jipya la sheria zetu, lililoanza kutumika Julai 2024, limezisogeza.) Aya ya (c) ilimlenga mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, na asiyeweza kujieleza vizuri. Aya ya (d) ilimlenga anayekutwa akizurura barabarani au karibu na jengo, kwa saa na katika hali inayomfanya mtu ahitimishe kuwa ana nia mbaya. Zisome tena taratibu, kisha utafute kitendo. Hakuna. Kuna sura ya mtu, nguo zake, saa ya usiku, na mawazo ya askari anayemtazama.

Maneno hayo hayakutungwa kwa ajili ya Uganda. Yanatoka kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyopitishwa wakati barabara zao zilikuwa na askari maskini waliorudi kutoka vita vya Napoleon. Wakoloni wakayabeba wakatuletea, na Kanuni yetu ya 1950 ikayahifadhi. Waingereza wenyewe walifuta kosa la mtu kushukiwa tu mwaka 1981, mwaka uleule wa ghasia za Brixton, London, ambako vijana weusi walikuwa wamechoka kusimamishwa na polisi. Malawi ilifuata kwa hukumu ya Januari 2017, na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka haki za binadamu. Kwetu, Mahakama ya Katiba ilizibatilisha aya (c) na (d) Desemba 2022, katika shauri namba 36 la mwaka 2018. Katiba inataka kosa liwe limefafanuliwa kabla mtu hajatiwa hatiani kwalo, ibara ya 28(12), na inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka 41 baada ya Waingereza.

Lakini ninachotaka mkione hasa ni yale maneno mawili, «Ni kweli.»

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaeleza mwaka 1973, katika kesi ya Adan, namna ya kupokea ukiri. Shtaka na viini vyake vyote visomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Akikiri, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Kisha mwendesha mashtaka aeleze yaliyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Utaratibu huu umewaokoa watu wengi. Sasa jiulize: kosa lisilo na kitendo litaelezwa vipi? Viini vyake ni vipi? Mwendesha mashtaka atasimama aseme nini, zaidi ya kwamba mtu huyu alikuwa mahali fulani? Sheria ikiwa pana kiasi hicho, ngao hii inakatika yenyewe, hata mbele ya hakimu mwadilifu.

Halafu kuna mahabusu. Wenzake walimnong'oneza kijana akubali yaishe, kwa sababu anayekataa hurudishwa rumande, gereza la Luzira, kungoja tarehe nyingine, wakati anayekubali huenda akapewa onyo au kazi za jamii akalala kwake. Alipewa kazi za jamii. Alifagia, akamaliza, akasahau.

Mwaka huu amepata nafasi ya ulinzi Dubai. Wakala anataka cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na rekodi ile imejitokeza. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14, naye amekuja baada ya miaka. Tena aliyekiri kosa haruhusiwi kuipinga hatia, ila kuhoji kama ukiri wenyewe ulipokelewa kisheria, au adhabu aliyopewa. Hapo ndipo nimeshika.

Sidhani waliotunga sheria walikusudia kumzuia kuli asipate kazi. Walitaka kuzuia wizi. Ila askari anayeweza kujaza kabangali bila kuchunguza chochote hana haja ya kumtafuta mwizi mwenyewe, ambaye kwa kawaida ana nguo safi na jibu tayari. Na wanaokamatwa ni wanaofanya kazi wakati wengine wamelala: makuli, mama wa sokoni, kijana wa boda.

Hukumu ya 2022 iligusa aya mbili tu. Kosa la kuwa kero kwa umma bado limo kwenye Kanuni, nalo ni pana vilevile. Wanaoandamana kupinga bomba la mafuta ghafi wameshtakiwa kwalo mara nyingi. Ukisomewa shtaka la namna hiyo, usiseme «ni kweli» kwa ajili ya kurudi nyumbani. Omba uelezwe, kwa lugha yako, ulifanya nini. Na bondi, yaani dhamana, ya polisi ni bure, asikudanganye mtu.

Nilipokuwa naandaa ombi la Mahakama Kuu nilimuuliza: «Mdogo wangu, uliposema ni kweli, ulikuwa unakubali nini?»

Akanitazama kama vile swali lenyewe ni la ajabu. «Kwamba nilikuwa Kalerwe, wakili. Si ni kweli nilikuwepo?»