Eti "nyumbani hatuna kemikali"

Dogo mmoja wa kidato cha pili hapa mtaani Temeke kaniambia hawezi kufanya majaribio ya kemia nyumbani kwa sababu hawana kemikali. Nikacheka. Jikoni kwao kuna chumvi, siki, magadi, manjano, na hata maji ya kwenye ndoo ni kemikali, hidrojeni na oksijeni. Watu wameshika kwamba kemikali ni sumu na cha asili ni salama, alafu haohao siku ya usafi wanamwaga jiki na dawa ya choo kwa pamoja eti pang'ae zaidi. Hiyo ndo sumu sasa! Dawa nyingi za choo zina asidi, ikikutana na jiki inatoka gesi ya klorini, inabana kifua, na mabafu yetu haya ya kidirisha kimoja ndo balaa kabisa. Jiki ni ya maji tu, hata siki usiweke.

Mwingine doa la biriani kwenye kanzu likigeuka jekundu akipaka sabuni anasema sabuni feki. Wapi! Manjano ikikutana na alkali (kinyume cha asidi, kama sabuni au magadi) inakuwa nyekundu, kamulia ndimu uone inavyorudi njano. Hapo jaribio limeshaisha na hujatoa hata mia. Choya (yale maua mekundu ya juisi, rosella) ndo tamu zaidi, chemsha, gawa kwenye glasi mbili, ya limao inazidi wekundu, ya magadi inaenda kijani au bluu. Video za intaneti zinatumia kabichi la zambarau, sisi la nini na choya zimejaa sokoni?

Ila ya mshumaa ndo inaniuma. Unausimamisha kwenye sahani ya maji, unafunika glasi, unazima, maji yanapanda, tukakaririshwa kwamba oksijeni imeisha ndo maana yamejaza moja ya tano. Sasa angalia vizuri, ukiwa unawaka maji karibu hayapandi, yanapanda kwa kasi ukishazima, na ukiweka mishumaa mitatu yanapanda zaidi wakati oksijeni ya kwenye glasi ni ileile asilimia 21, imeongezeka wapi? Ishu ni joto bana. Moto unatanua hewa, nyingine inatoka chini kwa mapovu (kodoa macho utayaona), ukizima iliyobaki inapoa, inasinyaa, na hewa ya nje inasukuma maji kuingia. Oksijeni yenyewe haiishi hata, mshumaa unazima ikiwa bado ipo, na ile iliyotumika inaacha hewa ya ukaa na mvuke.

La limao kuwa na umeme nalo ni uongo. Chomeka msumari wa kuezekea bati, ule uliopakwa zinki, na waya wa shaba, umeme unatoka kwa zinki ya msumari inayolika, limao ni njia tu, hata kiazi kinafanya. Volti haifiki 1, tochi haiwaki. Na limao hilo usije ukalikamulia kwenye mchuzi, lishakunywa zinki.