Wosia wa Fastolf: siku mbili kabla ya kifo

Katika kusoma kwangu wosia za Uingereza ya karne ya 15, wa Sir John Fastolf ndio ninaourudia kila mara. Alikuwa askari aliyetajirika katika vita vya Ufaransa, akajijengea ngome ya matofali huko Caister, Norfolk. Hakuwa na mtoto wa ndoa.

Kwani asingeandika tu shamba liende kwa fulani? Kwa kawaida haikuwezekana. Wosia uligawa fedha, vyombo, nguo na mifugo, na kesi zake zilikwenda mahakama za Kanisa. Ardhi sheria ya mfalme iliipeleka kwa mrithi wa damu, mtoto wa kiume wa kwanza akitangulia. Ruhusa ya kuiusia ilitolewa 1540. Kwa hiyo wenye mashamba walipita kwa mlango wa uani: ukiwa hai unawakabidhi ardhi watu unaowaamini, kisheria inakuwa yao, ila wanaishika kwa maagizo yako. Ukifa, wosia ndio agizo la mwisho. Sasa wakigombana juu ya ulichosema?

Ndiyo yaliyomfika Fastolf. Alikufa 5 Novemba 1459, na mwanasheria John Paston, mmoja wa wasimamizi wa wosia, akatoa wosia wa tarehe 3: apewe mashamba yote ya Norfolk na Suffolk, naye alipe marki 4,000 (marki ilikuwa theluthi mbili za pauni) na kuweka Caister watawa saba wa kumwombea marehemu. Wasimamizi wenzake, akiwemo jaji William Yelverton na katibu wa mzee, William Worcester, waliukana. Mimi naamini mzee alimpenda Paston kweli. Maneno yenyewe, yalivyonyooka, nayaona ni ya Paston.

Paston alifungwa gereza la Fleet, London, akafa 1466. Yelverton na wenzake wakamuuzia Caister Duke wa Norfolk, naye 1469 akaizingira ngome. Barua ya Margaret, mjane wa Paston, kwa mwanawe mkubwa bado inanitetemesha: mdogo wako yumo ndani, chakula kimepungua, baruti na mishale imekwisha, kuta zimebomolewa kwa mizinga, Daubeney, mmoja wa walinzi wa ngome, amekufa.

Akina Paston walirudishiwa Caister 1476, baada ya Duke kufa. Ila watawa hawakufika kamwe. Askofu Waynflete, msimamizi mwingine wa wosia, alishakubaliana na familia kuhamishia wakfu ule chuo chake cha Magdalen, Oxford, na Fastolf akaombewa huko, mbali na nyumba aliyoijenga.