Ofisi ya mashtaka ikija mtaani haijaja kukupa wakili

Juzi tena nimemsikia jirani anasema "DPP wamenipa wakili wa bure". Ni mara ya tano hii, na kila nikiuliza ni wakili gani jibu ni lilelile, yule Wakili wa Serikali aliyeongea naye kwenye banda la Wiki ya Sheria. Hapana jamani.

Kwa kifupi, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ile ya DPP yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, ina kazi zake za nje ya mahakama. Wanapita kwenye mashule na mikutano ya mtaa wanaelimisha watu kuhusu ukatili na ushahidi, wanaweka banda Wiki ya Sheria kila Januari, na kesi ikiwepo wanamwandaa shahidi kabla hajapanda kizimbani. Kumlinda shahidi kuna sheria yake kabisa, ya 2015. Basi, ndo hivyo.

Sasa ishu inaanzia kwenye neno lenyewe. Kushtaki tumelitoa kwa Waarabu, kwao ishtaka ni kulalamika, kulia shida zako mbele ya mtu mwenye uwezo wa kukusaidia. Kwa maana hiyo anayeshtaki ni yule aliyeumizwa, na mpaka leo mtaani tunasema hivyo, "nitakushtaki!", mtoto anasema "nakushtaki kwa mama". Lakini kwenye jinai neno limebaki mdomoni mwetu na kazi imehama. Wewe uliyepigwa au kuibiwa unaenda polisi unalalamika, baada ya hapo anayeshtaki ni Jamhuri, angalia jalada limeandikwaje, Jamhuri dhidi ya fulani, jina lako halipo pale juu. Wewe unakuja kuwa shahidi, mara nyingi shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na ndo maana wakili yule anakujali, anakuuliza umefikaje, anakueleza hakimu atakaa wapi. Anakujali kweli, sikatai, ila hapokei maagizo yako.

Ndo maana watu wanagombana nae bure. Mtu anasema "nimeifuta kesi, tumeyamaliza kifamilia" halafu anashangaa samansi, ile hati ya kuitwa mahakamani, inakuja tena. Hukuifungua wewe, utaifutaje? Na upande wa pili DPP anaweza kuiondoa wakati wowote kabla ya hukumu bila kukuomba ruhusa, mamlaka anayo kisheria.

Msaada wa kisheria ni kitu kingine, una sheria yake ya 2017, na kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023 iko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Huko ndo unapeleka mirathi, talaka, kiwanja, mambo ambayo mwendesha mashtaka hata akikuhurumia vipi hayamhusu. Nakubali mabanda yanakaa jirani jirani pale Nyerere Square Dodoma na wote wamevaa suti nyeusi, kwa hiyo kuchanganya si dhambi.

Jirani yangu nilimwambia hivi: mama, yule si wakili wako, wewe ndo shahidi wake. Akacheka, akasema kumbe ndo maana wakili yule hajawahi kumwomba hela.