Hosteli au mtaani: soma kabla hujalipa

Kila muhula wa kwanza unapofunguliwa, sisi washauri wa wanafunzi hapa Mwanza hupokea swali lilelile: "Nimeshalipia hosteli, sasa nimepata chumba Nyamalango. Hela yangu narudishiwaje?" Mara nyingi hairudi. Fomu uliyosaini ni mkataba, na kipengele cha marejesho kimo humohumo, kwenye ukurasa ambao wengi hawaufungui.

Vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, kwa hiyo vyuo vingi hutanguliza wa mwaka wa kwanza na wenye ulemavu. Hapo ndipo kubebana kunapoanzia. Rafiki anaomba alale siku mbili tu, godoro linatandikwa chini, siku mbili zinageuka muhula mzima. Ukaguzi ukipita, anayepoteza kitanda ni yule mwenye jina kwenye orodha. Kukiuza kitanda chako ni kosa zito zaidi. Jiko la umeme chumbani nalo limekatazwa, na sioni uonevu hapo: nyaya za bweni hazikufungwa zibebe majiko ishirini kwa mpigo.

Ukipanga mtaani, sheria za nidhamu unahama nazo. Ukipigana Malimbe usiku, asubuhi bado wewe ni mwanafunzi wetu. Ila ugomvi wa kodi chuo hakiuingilii. Utatatuliwa kwa mkataba wako na, ikibidi, kwa mwenyekiti wa mtaa. Basi andikishaneni.

Piga hesabu pia. Bodi ya Mikopo ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, lakini boom, yaani hiyo fedha ya kujikimu, huingia kwa awamu, na mwenye nyumba hutaka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Dalali naye anasubiri kodi ya mwezi mmoja. Uliza umeme wa LUKU mnachangia wangapi. Uliza maji, hasa kama chumba kiko juu maweni. Bomba likikauka usikimbilie kuoga ziwani kule Luchelele au Sweya: vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, huhitaji hata kuyanywa maji.

Ukihama, leta ofisini jina la mtaa na namba ya mwenye nyumba. Mwaka jana mwanafunzi aliugua usiku, wenzake wakatupigia simu, nasi tulichokuwa nacho ni anwani ya hosteli aliyoiacha miezi minne nyuma.